Kupanga akaunti na ruhusa za wafanyakazi katika OpenMRS

Kliniki ikifunga OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa, nguvu nyingi huishia kwenye fomu na ripoti, na akaunti za wafanyakazi huachwa hadi mwisho. Ndipo unakuta wodi nzima inaingia kwa akaunti moja iitwayo "nurse". Mfumo huu huhifadhi kwa kila rekodi nani aliyeiandika na lini, nani aliyeibadilisha na lini. Dozi ikiandikwa vibaya na ukataka kujua wa kuulizwa, utapata jina "nurse", basi. Kwa hiyo tangu mwanzo kubalianeni: kila mtu na akaunti yake, hata wa zamu ya siku moja.

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, katika ukurasa wa Administration.

Hatua ya 1: Badilisha nywila ya admin. Mfumo huja na akaunti ya admin yenye nywila Admin123, na nywila hiyo inajulikana dunia nzima. Ibadilishe kabla mgonjwa wa kwanza hajasajiliwa. Baada ya hapo admin ibaki ya kazi za mfumo tu.

Hatua ya 2: Orodhesha kazi kwenye karatasi. Mapokezi husajili na kutafuta wagonjwa. Muuguzi huandika joto, presha na uzito. Maabara huingiza majibu. Fuata kazi anayofanya mtu, usifuate cheo chake. Mganga mfawidhi ni mkubwa wa wote, lakini hahitaji uwezo wa kubadilisha majibu ya maabara. Zungumza naye mapema na kwa heshima, kwa sababu kunyimwa ruhusa bila maelezo huonekana kama kudharauliwa, na kazi yote inaweza kukwama hapo.

Hatua ya 3: Tengeneza majukumu, yaani mafungu ya ruhusa yanayolingana na kazi ulizoorodhesha. Nenda Manage Roles. Jukumu moja linaweza kurithi ruhusa za jingine, hivyo anza na la msingi lenye ruhusa ambazo kila mhudumu anazihitaji, kama View Patients ya kuona wagonjwa (kwenye matoleo mapya ni Get Patients), kisha mengine yarithi kutoka kwake. Kumbuka ruhusa hiyo hufungua orodha ya wagonjwa wote, si wa chumba kimoja.

Kuwa mwangalifu na ruhusa zinazoanza na Delete na Purge. Delete Patients huficha rekodi ya mgonjwa na kuacha jina la aliyeiondoa pamoja na sababu. Purge huing'oa kabisa kwenye hifadhidata. Sioni sababu ya mhudumu yeyote wa kliniki kupewa Purge.

Sehemu inayoharibu kliniki nyingi ni jukumu la System Developer, ambalo hufungua kila kitu. Foleni ni ndefu, muuguzi anakwama, fundi anapigiwa simu, naye anampa System Developer ili kazi iendelee. Hakuna anayekumbuka kuliondoa. Badala yake, soma ujumbe wa kosa: mara nyingi hutaja kwa jina ruhusa inayokosekana. Iongeze hiyo peke yake, tena kwenye jukumu la wauguzi, ili mwenzake wa zamu ya usiku asikwame palepale.

Hatua ya 4: Fungua akaunti. Katika Manage Users chagua Add User. Tafuta kwanza kama mtu huyo tayari yumo, maana wafanyakazi nao hutibiwa hapohapo. Weka alama kwenye Force Password Change ili nywila uliyompa aibadilishe mwenyewe akiingia. Waeleze kwamba ukikosea nywila mara nyingi akaunti hufungwa kwa dakika chache. Wasubiri, wasiazime ya jirani.

Anayehudumia wagonjwa msajili pia kwenye Manage Providers. Usipofanya hivyo ataingia vizuri tu, lakini jina lake halitatokea kwenye orodha ya watoa huduma wakati wa kujaza fomu.

Hatua ya 5: Jaribu. Kwenye seva ya majaribio, ingia kwa kila jukumu ukitumia mgonjwa wa kubuni. Jaribu zaidi yale yasiyotakiwa kuwezekana: mapokezi wafungue fomu ya daktari, maabara wafute mgonjwa.

Hatua ya 6: Mtu akiondoka, zima akaunti siku hiyohiyo. Usiifute. Jina lake limeshikana na kila alichoandika, na rekodi hizo zinahitaji mwandishi wake. Mfumo utakuuliza sababu. Andika ya kweli, kwa mfano "amehamishwa". Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo akaunti iliyo wazi ya mtu aliyeacha kazi ni mzigo wa kituo. Wanaosahaulika zaidi ni wanafunzi wa fildi. Wakati unamfungulia mwanafunzi akaunti, andika tarehe yake ya kumaliza kwenye daftari la ofisi, na kila mwisho wa mwezi linganisha orodha ya watumiaji na orodha ya zamu.