Mizani ya desimali tatu: je, tarakimu ya mwisho ina maana?

Mwalimu mmoja wa kemia ameniuliza kwa nini mizani yake inayosoma hadi gramu 0.001 inampa jibu jipya kila akipima kitu kilekile. Si lazima mizani iwe mbovu. Skrini kuonyesha hatua ndogo ni jambo moja. Kurudia jibu lilelile ni jambo jingine, nalo unalipima mwenyewe.

1. Iwashe, iache nusu saa. Zima feni.

2. Chukua bolti kavu yenye uzito unaokaribia ule unaopima kila siku. Ishike kwa kibano. Chumvi na sukari hapana, zinafyonza unyevu.

3. Pima mara kumi. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kuitazama bolti iliyotulia na kuandika namba ileile mara kumi si kupima mara kumi. Iinue kabisa, subiri sifuri, iweke tena katikati ya sahani, subiri itulie, andika. Sifuri ikihama kidogo, iandike pia. Usibonyeze kitufe cha kuirudisha katikati ya zoezi, utaficha kuyumba unakokutafuta. Tena, mizani nyingi za dijitali hujirudisha kwenye sifuri zenyewe: ukidondosha unga kidogo kidogo kwenye sahani tupu, zinaweza kuumeza na kubaki 0.000. Kwa hiyo usijaribu zoezi hili kwa chembe za unga. Tumia daftari na kalamu, na usifute namba "mbaya".

4. Kokotoa. Mwalimu yule alipata 20.013, 20.006, 20.019, 20.009, 20.016, 20.004, 20.011, 20.021, 20.008 na 20.013. Wastani ni 20.012. Toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa 9, tafuta kipeuo cha pili: takriban 0.006. Huo ndio mtawanyiko.

5. Linganisha. Skrini inasoma 0.001, majibu yanatawanyika kwa 0.006. Akipima mara moja tu, desimali ya tatu haimwambii kitu. Namshauri aandike 20.01. Akitaka zaidi, apime mara nne achukue wastani, mtawanyiko wa wastani huo utakuwa nusu. Kama bolti kweli ina gramu 20.012, hilo litajibiwa na jiwe la mizani lililohakikiwa, si na zoezi hili.

Mizani ya 0.01 ikitoa namba moja mara zote kumi, usiandike kwamba mtawanyiko ni sifuri. Umejificha chini ya hatua ya skrini. Gawanya hatua hiyo kwa kipeuo cha pili cha 12, uandike takriban 0.003.