Jinsi ya kuwasilisha maoni kuhusu mradi unaogusa mazingira ya eneo lako

Kiwanda, machimbo au dampo likipangwa kujengwa karibu nanyi, sheria za nchi nyingi humtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wasikilizwe kabla kibali hakijatoka. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la mwaka 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, inaitambua haki hii ya wananchi kushiriki. Ila dirisha la maoni hufungwa mapema, mara nyingi tingatinga halijaonekana hata kidogo.

Anza na tangazo la mradi. Litafute kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali na magazetini, unakili namba ya mradi na siku ya mwisho ya kupokea maoni.

Kisha omba ripoti nzima ya tathmini hiyo, kwa maandishi. Usiridhike na muhtasari wake. Mambo mazito hujificha ndani, kwenye sura za athari, hatua za kuzipunguza na njia mbadala. Isomeni pamoja na wanaochota maji, wanaolima na wanaochunga, kwa sababu wao wanayajua ambayo mtaalamu wa siku mbili hakuyaona. Ripoti ikisema kijito hukauka kiangazi, na ninyi mnakichota mwaka mzima, hapo mmeshapata hoja.

Sasa andika barua. Kwa kila hoja taja ukurasa, kasoro, ushahidi (picha yenye tarehe inafaa sana) na unachotaka kifanyike. "Hatuutaki mradi" ni rahisi kuwekwa kando. "Bwawa la majitaka likifurika masika, maji yataelekea wapi?" linadai jibu.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila mhuri huo, kesho ni rahisi kuambiwa hukuleta kitu.

Mkutano wa hadhara ukiitishwa, nenda, na usipewe kalamu ukasaini tu: soma kwanza kichwa cha karatasi, kwani sahihi ya mahudhurio si sahihi ya kukubali mradi. Omba hoja yako iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Uamuzi ukitoka, omba nakala yake pamoja na sababu. Uliza siku hiyohiyo muda wa kukata rufaa. Na kama kibali kimetolewa, chukua masharti yake. Mtayahitaji siku moshi au majitaka yatakapozidi kilichoruhusiwa.