Meno ya kijana yanalika bila kutoboka: jinsi ya kutafuta chanzo

Jino lililotoboka kila mtu analijua. Jino linaloyeyuka halina tundu wala weusi, tena mwanzoni hung'aa, na kijana husifiwa kwa meno mazuri huku gamba lake la nje, yaani enameli, likizidi kuwa jembamba. Ndiyo maana wazazi wengi hushtuka wakiwa wamechelewa.

Tofauti yake ni hii: kutoboka huletwa na bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi. Kuyeyuka hakuhitaji bakteria, kwani asidi hufika yenyewe, kutoka kwenye kinywaji au kutoka tumboni. Enameli huanza kulainika pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Soda nyingi zina pH ya 2.5 hadi 3.5. Na enameli ikishaondoka haioti tena.

Hatua ya 1: Tazama kwenye mwanga. Ncha za meno ya mbele zinapitisha mwanga kama kioo? Magego yana vishimo mviringo juu? Kama kuna jino lililozibwa, je, kizibo kimebaki juu huku jino pembeni yake limeshuka? Hiyo ya mwisho mimi huiamini sana, maana asidi hula jino na kukiacha kizibo.

Hatua ya 2: Hesabu mara, usihesabu chupa. Kwa siku 3 andikeni kila kitu kichachu kinachoingia mdomoni na saa yake: soda, juisi, vinywaji vya kuongeza nguvu, vya wanamichezo, maji ya ndimu, peremende chachu, vidonge vya vitamini C vya kutafuna. Anayemaliza soda yake pamoja na chakula huumia kidogo kuliko anayeionja chupa hiyohiyo mchana kutwa. Mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye jino, lakini yanahitaji nafasi. Kila funda jipya huyarudisha mwanzo. Kuna wanaozungusha soda mdomoni hadi povu liishe ndipo wameze, na hao ndio huharibikiwa zaidi. Mwanamichezo naye hunywa wakati mdomo umekauka, na anayekunywa usiku kitandani hulala mate yakiwa yamepungua.

Hatua ya 3: Uliza habari za tumbo. Ukiona meno ya mbele ya juu yamelika upande wa ndani, unaoelekea ulimi, fikiria asidi ya tumboni: kiungulia, kucheua, au kutapika mara kwa mara. Kuna vijana wanaojitapisha kwa siri wakiogopa kunenepa. Uliza kwa upole, faraghani. Ukifoka, hutapata jibu.

Hatua ya 4: Msuguano. Kusaga meno usingizini, mswaki mgumu, kutafuna kalamu. Peke yake huenda polepole. Juu ya enameli iliyolainika, hukimbia.

Hatua ya 5: Badilisheni mpangilio. Vitu vichachu viende na mlo, si katikati ya milo. Baada yake sukutua kwa maji, subiri dakika 30 hadi 60, ndipo upige mswaki laini kwa dawa yenye floraidi. Unga wa mkaa wa kung'arisha meno, achaneni nao kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo daktari. Wangu anakunywa soda isiyo na sukari tu. Amepona?*
Marahaba. Kwa kutoboka, ana nafuu. Kwa kuyeyuka, hapana. Asidi imebaki palepale.

*Mswaki wa asubuhi ni kabla au baada ya kula?*
Kama mezani kuna juisi au tunda chachu, kabla.

*Binti yangu akitapika hukimbilia mswaki. Nimwache?*
Hapana, mama. Hapo anasugua jino laini. Asukutue kwa maji yenye soda ya kuokea kidogo, kijiko kimoja cha chai kwenye glasi, ateme. Na kama kutapika kunajirudia, aonwe na daktari wa kawaida pia, si wa meno peke yake.

*Daktari wetu amepiga picha za meno, kisha akasema turudi baada ya miezi kadhaa. Hakuziba chochote. Ametupuuza?*
La. Picha ya leo ikilinganishwa na ya baadaye ndiyo huonyesha kama meno bado yanalika au yametulia. Kuziba kabla ya kuzuia asidi ni kazi ya kurudiwa. Nendeni na ile orodha ya siku 3. Huenda hakuwaomba, lakini itamsaidia.