Kabla hujagusa imobilaiza ya gari lako nyumbani

Imobilaiza ni mfumo unaozuia injini kuwaka mpaka kompyuta ya gari itambue chipu iliyo ndani ya ufunguo. Magari mengi tunayoendesha hapa Tanga yametoka Japani yakiwa yametumika, na mara nyingi yanafika na ufunguo mmoja tu. Tengeneza spea wakati huo mmoja bado uko mfukoni. Ukishapotelea kwenye mchanga wa Raskazone, kusajili chipu mpya kunakuwa kazi nyingine kabisa, ngumu na ghali, kwa sababu kompyuta za magari mengi hutaka kwanza kuuona ufunguo zinaoujua.

Kusanya funguo zote za nyumbani, hata ule alioachiwa shemeji. Kwenye baadhi ya magari, ufunguo usiokuwepo wakati wa kusajili unafutwa. Kwa Toyota za zamani kidogo angalia rangi: mweusi ndio mkuu, wa kijivu unawasha gari lakini hausajili mwenzake. Chipu nayo iwe ya aina ileile. Toyota pekee imetumia 4C, 4D, G na H, na hazibadilishani.

Jambo linaloangusha watu wengi ni betri, na hapa nawasihi msifanye haraka. Wakati wa kusajili, swichi ya ufunguo itakaa imewashwa bila injini kuunguruma, pengine hata nusu saa. Volti zikishuka kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, gari linaweza kugoma kuwaka kabisa. Nimeliona moja likilala siku nne uani Chumbageni kwa sababu hiyo tu. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Upepo wetu wa chumvi unakula vichwa vya betri, kwa hiyo sugua ule ukoko mweupe kwa brashi na maji ya moto, kisha kaza. Zima redio, taa na feni. Chaja isaidie, ila usiitegemee peke yake, umeme ukikatika utabaki na betri yako.

Betri ndogo ya rimoti haihusiki. Kwa magari ya kuzungusha ufunguo, chipu hupata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka swichi.

Ukimwita fundi umeme wa magari, weka kadi ya gari mezani. Asiyeiuliza nisingemwachia ufunguo wangu. Kabla ya kuandika chochote, mashine yake isome mwaka na modeli ya gari lako, na ahifadhi nakala ya data iliyopo.

Gari lenyewe liegeshe mahali breki-dauni inapofika, si ndani ya uchochoro wa Ngamiani.