Salsa: isikie moja kwanza, miguu baadae

Wengi wakianza salsa wanakimbilia stepu, afu muziki ukiwekwa wanapotea na kudhani miguu ndo mizito, kumbe ni masikio tu hayajazoea. Siku za kwanza kaa chini uhesabu mapigo ya muziki, usicheze kabisa.

Muziki wenyewe unaenda mapigo manne manne, ila wachezaji tunaunganisha mafungu mawili tunapata nane. Unakanyaga moja, mbili, tatu, ya nne hukanyagi, tano, sita, saba, ya nane hukanyagi. Shida kubwa iko hapo kwenye nne na nane, watu wanazimeza, wakitoka tatu tayari wako tano na ndo wanaanza kuutangulia muziki. Usiimeze, itaje kabisa "nne" huku mwili ukimalizia kuhamia kwenye mguu uliokanyaga tatu.

Sasa moja unaipataje? Usiifuate besi! Besi ya salsa mara nyingi haigusi moja, inapiga kati ya mbili na tatu, afu kwenye nne, kwaiyo kama umezoea miziki ambayo besi ndo inafungua itakupoteza kila siku. Tafuta ngoma ya konga. Inatoa "pa" kavu kwenye mbili, afu "tum-tum" nzito inayoanzia kwenye nne. Pigo linalofuata baada ya tum-tum ni moja au tano. Wimbo ukichangamka, mwimbaji na waitikiaji wakianza kujibizana, mara nyingi inaingia kengele inayogongwa kwa kijiti, na hiyo inakazia moja, tatu, tano na saba, yani ni zawadi kwa anayeanza.

Kutofautisha moja na tano ndo kugumu zaidi na kunahitaji subira, sikiliza pale kiitikio au tarumbeta zinapoanza sehemu mpya, mara nyingi hapo ni moja.

Kuna wanaobadili mwelekeo wa stepu, mbele au nyuma, kwenye moja, mtindo wa Los Angeles, na wa New York kwenye mbili. We shika wa moja kwanza.

Chagua nyimbo za taratibu, chini ya mapigo 180 kwa dakika, hesabu kwa sauti ukipiga kofi kwenye moja tu. Ukizoea, zima sauti kwa nane mbili huku unaendelea kuhesabu, afu irudishe. Ukikuta moja yako na ya wimbo zimekutana, inuka sasa uanze kucheza: anayeongoza mguu wa kushoto mbele, anayeongozwa wa kulia nyuma.