Kupima sarafu ambayo nyuma yake imezunguka

Kuna kijana Kariakoo alikuwa akiuza robo dola ya Marekani kwa bei ya ajabu, eti imekosewa kiwandani kwa kuwa nyuma iko kichwa chini. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ni nzima, Marekani ndivyo wanavyochapa.

1. Jua kawaida ya nchi. Shika kingo za kushoto na kulia, geuza kama ukurasa. Shilingi ya Tanzania au peni ya Uingereza hutokea wima. Dola na faranga ya zamani ya Ufaransa huja kichwa chini. Kosa ni pale muhuri wa chuma ulipolegea au kufungwa vibaya mashinani, upande mmoja ukaacha kawaida hiyo.

2. Tafuta wima wa kila upande, yaani mstari wake wa juu kwenda chini. Tumia maandishi, si sura ya mtu.

3. Kata kadi. Hapa ndipo watu hupotea. Chukua boksi gumu lenye unene wa sarafu yenyewe. Likiwa nene zaidi, protrakta itakaa juu ya sarafu, na jicho likiinama kidogo tu unasoma digrii za uongo. Toboa tundu dogo kuliko sarafu, kisha lipanue kwa msasa hadi sarafu iingie kwa kubana. Ikicheza, kazi yote bure. Hamsini ya kifaru ina pande saba, kwa hiyo fuata umbo lake na haitateleza. Gundi ya karatasi usiiguse, inaacha uchafu. Choma pini mbili za kupenya, juu na chini ya tundu, katika mstari unaopita katikati yake. Linganisha wima wa mbele na matundu hayo ya pini, kisha geuza kadi nzima kama ukurasa. Sarafu isiguswe tena.

4. Weka protrakta ya plastiki angavu, ile ya mkebe wa shule, sifuri kwenye tundu la pini la juu (kwa dola, la chini). Soma wima wa nyuma ulipoangukia. Programu za simu sizitaki: kamera ikiinama, duara linakuwa yai na pembe inabadilika.

5. Andika digrii na mwelekeo, mfano “40 kulia”. Bila mwelekeo mnunuzi makini atakuuliza tena. Chini ya 15 wakusanyaji wengi hawashtuki. Na usiing'arishe, hata kwa ndimu.