Namna ninavyofundisha chanzo cha Vita Baridi kwa chaki, kamba na andazi

Mwalimu mwenzangu, futa ubao kwanza. Ile sentensi ya "Vita Baridi ni mvutano wa kiitikadi kati ya ubepari na ukomunisti" iondoe. Ukianza nayo wataikariri, wataiandika kwenye mtihani, na watamaliza kidato cha sita bila kujua kwa nini watu waliompiga Hitler pamoja walianza kutegeana mwaka uleule wa 1945. Mimi nilianza nayo miaka mingi, hadi mwanafunzi mmoja wa HGL (Historia, Jiografia na Lugha) aliponiuliza, "Mwalimu, sasa waligombana lini?" Nikajikuta nairudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Siku hizi nachukua vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, chaki za rangi, kamba na andazi moja. Naeleza kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza cha mtihani kinakuja nyuma. Wakaguzi wanisamehe.

Andika namba mbili ubaoni, usiseme kitu: 27,000,000 na 400,000. Waache wakisie. Ya kwanza ni makadirio ya watu wa Umoja wa Kisovieti waliokufa katika vita ile. Ya pili ni Wamarekani. Kisha uliza: nyumba yako imevamiwa mara mbili ndani ya miaka thelathini, na mvamizi mara zote kapitia uani kwa jirani. Utakubali jirani huyo ajiamulie nani apite kwake? Hapo Poland, ndiyo jirani huyo, inaeleweka bila kufungua kitabu. Lakini geuza upande mara moja, maana darasa litakuwa limeshamhurumia Stalin, kiongozi wa Wasovieti: Uingereza iliingia vitani 1939 kwa ajili ya Poland hiyohiyo, na kwenye mkutano wa washirika kule Yalta, Februari 1945, Stalin aliahidi Wapoland watapiga kura kwa uhuru. Hawakupiga kwa uhuru. Ubishi utazuka. Usiamue.

Ukiwa bado kwenye ubishi, ita wanafunzi wawili waigize mkutano wa Potsdam. Bomu la atomiki lilijaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945, na tarehe 24 Truman, rais wa Marekani, akamsogelea Stalin na kumwambia, kama anayepitisha habari tu, kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin hakushtuka, kwa sababu majasusi wake walikuwa wameshamweleza. Huwa namtafuta mwanafunzi mpole awe Truman na mcheza karata awe Stalin. Kila mwaka Stalin anacheka kabla ya wakati, na tunarudia.

Mwaka 1946 na 1947 pita haraka, maana ndipo vitabu vinapokaa sana: hotuba ya Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, kule Fulton, Marekani, kuhusu "pazia la chuma" lililoigawa Ulaya, kisha Truman kuomba dola milioni 400 kwa ajili ya Ugiriki na Uturuki. Simama kidogo kwenye msaada wa Marshall, ule wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Waambie kwamba Chekoslovakia ilikubali kwenda Paris kuujadili, ikaitwa Moscow, ikarudi imebadili msimamo. Mtu aliyekatazwa kupokea msaada wakati ana njaa, darasa linamwelewa.

Sasa sogeza madawati, tuje Berlin. Hapa usiharakishe.

Chora Ujerumani sakafuni, kubwa, uigawe kanda nne za washindi wa vita. Weka dawati la Berlin ndani kabisa ya kanda ya Kisovieti, kiasi cha kilomita 160 kutoka kanda za magharibi. Wanafunzi wengi, na walimu si wachache, wanadhani Berlin ilikuwa mpakani. Hilo kosa lisipokufa siku hiyo, yote yanayofuata hayana maana. Dawati nalo ligawe: upande mmoja wa Wasovieti, wa pili wa Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Kalisha wanafunzi watatu upande huo wa magharibi.

Wape pesa. Baada ya vita pesa ya Kijerumani ilikuwa haina thamani, watu walinunua vitu kwa sigara. Juni 1948 kanda za magharibi zikatoa mark mpya, 40 kwa kila mtu kwa kuanzia. Kata vikaratasi ugawe. Bidhaa zilizokuwa zimefichwa zikaonekana madukani karibu usiku mmoja. Wasovieti wakaona Ujerumani inatengenezwa upya bila wao, na pesa hiyo ilipoingia Berlin Magharibi, wakafunga barabara, reli na mifereji. Ndiyo kazi ya kamba: zungusha dawati.

Waulize wale watatu watakula nini. Hapo inua andazi, lirushe juu ya kamba. Njia ya angani ilibaki wazi kwa sababu ushoroba wa ndege ulikuwa umeandikiwa makubaliano mwaka 1945, wakati njia za ardhini zilitegemea maneno zaidi kuliko karatasi. Mpaka Septemba 1949 ndege zilisafiri takriban mara 278,000 na kushusha tani milioni 2.3. Wagawanye wenyewe: kama tani nane kwa safari. Waulize mzigo mkubwa ulikuwa nini. Watasema unga. Ni makaa ya mawe, karibu theluthi mbili ya mzigo wote.

Nina pipi moja iliyofungwa kwenye leso, nairusha baada ya andazi. Rubani Gail Halvorsen aliwadondoshea watoto wa Berlin peremende kwa miavuli ya leso. Hapo ndipo huuliza swali langu kubwa: miaka mitatu nyuma, ndege za nchi hiyohiyo zilikuwa zikidondosha nini juu ya mji huo? Darasa hunyamaza. Adui kawa mlezi, na mshirika wa jana ndiye kafunga barabara.

Kipindi cha pili ni cha jamii. Tafuta marafiki wawili wasioachana, upitishe mstari wa chaki katikati ya dawati lao. Ni Jumapili, 13 Agosti 1961, siku Ujerumani Mashariki ilipoanza kuufunga mpaka katikati ya Berlin, mwanzo wa Ukuta wa Berlin. Mtaa wa Bernauer nyumba zilikuwa Mashariki na njia ya miguu mbele yake Magharibi, hivyo watu waliruka madirishani. Marafiki wako wasisemeshane hadi kengele ilie, na kwa siri mwombe mwanafunzi wa nyuma aandike kila atakayemkonyeza mwenzake. Mwishoni soma orodha. Hasira utakayoiona itakusaidia kueleza Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, iliyokuwa na waajiriwa zaidi ya 90,000 mwaka 1989, achilia mbali watoa habari. Usiwaache wadhani hofu ilikaa upande mmoja. Marekani watu walipoteza kazi kwa kushukiwa ukomunisti, na watoto walifundishwa kujificha chini ya madawati bomu likija. Hilo siliigizi. Darasa la wanafunzi 70, madawati hayatoshi hata kukalia.

Zikibaki dakika kumi, warudishe nyumbani. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na Ujerumani Magharibi haikuvumilia nchi iliyofanya hivyo. Dar es Salaam iliporuhusu Wajerumani Mashariki wafungue ubalozi mdogo, Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Nyerere akawajibu wachukue na misaada mingine ya serikali yao. Aliye na ndugu Unguja ampigie simu, amuulize majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa nani.

Njoo na tambara la maji. Chaki kwenye sakafu ya saruji haitoki kwa ufagio, na mwalimu wa Jiografia anasubiri mlangoni.